Ukimwendea Manneken Pis, anzia kwenye nguo zake

Ndugu zangu wa Goma mnaopata nafasi ya kupita Bruxelles, kwa masomo, kwa matibabu au kwa kuwaona jamaa wa Matonge, mtaa wa Wakongo kule, mtapelekwa kwa Manneken Pis mtake msitake. Basi jueni mapema: ni sanamu ya katoto ka shaba nyeusi ka sentimita 55 na nusu, kanakojoa kwenye kona ya Rue de l'Étuve na Rue du Chêne. Wengi hufika, hupiga foto, husema "ndiyo hii tu?" na kwenda zao kula gofre, ile mikate ya vishimo ya Wabelgiji. Ukiwa na mzazi, mwambie kabla hamjafika. Mama mdogo wangu aligeuza uso: "Mji tajiri hivi, hata kaptula mmeshindwa kumvalisha?"

Kumbe nguo anazo, zaidi ya 1,000! Ziko hatua chache tu kutoka hapo, Rue du Chêne namba 19, kwenye jumba lililofunguliwa mwaka 2017. Mimi ningeanzia huko. Kuna vazi la kibwana alilopewa na mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa mwaka 1747, baada ya askari wake kumwiba mtoto huyo. Ukiwa na jicho la fundi cherehani, angalia jinsi kila vazi lilivyokatwa: mkono mmoja kiunoni, mwingine kazini, na maji lazima yapate pa kupita. Mama mdogo alikaa humo mpaka nikachoka mimi.

Tiketi ya jumba hilo la nguo inakuingiza pia Maison du Roi, makumbusho ya mji, pale uwanja wa Grand-Place. Humo ndimo alimo Manneken mwenyewe, kazi ya mchongaji Jérôme Duquesnoy ya mwaka 1619. Wa barabarani ni nakala, tangu 1965. Jumatatu nyumba zote mbili hufungwa.

Sasa maji. Zamani wakazi walichota pale maji ya nyumbani, na kwa sisi tunaoshuka ziwani na bidoni, kisha tukangoja kutiliwa klorini, hilo halihitaji mwongoza watalii. Mwaka 2019 ndipo iligunduliwa kwamba anamwaga kati ya lita 1,500 na 2,500 za maji safi kwa siku moja. Kwa bidoni zetu za lita 20 ni 75 hadi 125, chukudu zetu za mbao za kubebea mizigo ngapi hizo? Siku hizi maji yanazungushwa yaleyale, kwa hiyo usikinge kopo.

Nenda asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajajaa, na simu yako uishike vizuri. Siku za kuvalishwa hubandikwa kwenye uzio wake. Gofre za hapo zenye mlima wa krimu ni za kupigia foto. Njaa ikiuma kweli, panda mpaka Porte de Namur ukale pondu, majani ya muhogo, kule Matonge. Dada yake, Jeanneke Pis, sanamu ya katoto ka kike kanakokojoa, yuko Impasse de la Fidélité tangu 1987, nyuma ya vyuma, katikati ya mabaa. Huyo mpite tu.