Mkanda uliopimwa Mafia, maji ya Kigoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilijifunza uzamiaji Mafia, kwenye matumbawe, na mkanda wangu wa vipande vya madini ya risasi, wa kunizamisha, ni kilo 8. Mwezi ujao natoka Tabora kuja Kigoma. Nitazamia Jumamosi na Jumapili asubuhi, mchana nipande basi la kurudi. Je, nitumie uzito uleule, na jedwali lilelile la baharini linaloonyesha muda wa kukaa kila kina?

JIBU: Marahaba. Hapana, vyote viwili vibadilishe, na hilo basi la Jumapili liache liende.

Tuanze na mkanda. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya Ziwa Tanganyika kwa takriban asilimia 2.5, ndiyo maana bahari hukuelesha zaidi. Wewe na vifaa vyako mkifika kilo 100, hapa punguza kilo 2 na nusu hivi. Kisha pima majini, hewa ikiwa imebaki robo ya mtungi: toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, kaa wima, vuta pumzi ya kawaida uizuie. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu.

Huku hatuna matumbawe. Tuna mawe na mchanga, na zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapo wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Nimemwona mwanafunzi mwenye risasi za baharini akitua chini kwa kishindo: mapezi yakatifua mchanga, magamba manne yakafukiwa. Tulikaa tukiyafukua kwa ncha za vidole hadi samaki wakarudi kuchungulia. Hilo linaniuma.

Sasa jedwali. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Ukiibuka, mgandamizo unaokupokea ni mdogo, hivyo nitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa nguvu zaidi, kama soda iliyofunguliwa. Majedwali ya kawaida yanaishia mwinuko wa mita 300. Kina cha mita 18 cha Kigoma kihesabu kama 20. Kompyuta yako ya uzamiaji ipange kwa maji yasiyo na chumvi na uhakikishe inatambua mwinuko. Kwa kuwa unatoka Tabora, kwenye mwinuko mkubwa zaidi, huna haja ya kusubiri ukifika, kabla ya kuzamia. Anayetoka pwani ndiye asubiri.

Lakini kurudi ni kupanda. Tabora iko kama mita 1,200. Mimi hutumia kanuni ya kusubiri kabla ya kupanda ndege: baada ya mbizi moja, muda wa saa 12; baada ya mbizi za kurudia, muda wa saa 18. Panda basi Jumatatu.

Kabla ya kuingia majini, waulize wavuvi kuhusu mamba, epuka matete, na wiki 6 hadi 8 baadaye kapime kichocho hata kama hujisikii chochote.