Nina bastola ya leseni, trafiki kanisimamisha

SWALI: Nanunua dagaa Sengerema, natembea na fedha taslimu, hivyo nina bastola yenye leseni. Trafiki akinisimamisha usiku pale Usagara, nimwambie au ninyamaze? – Msomaji, Nyakato

JIBU: Mwambie, tena mapema, kabla hajaiona mwenyewe. Egesha, zima injini, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono yote miwili iwe juu ya usukani. Salimia, kisha sema: "Afande, nina bastola ya leseni, iko kiunoni upande wa kulia. Nifanyeje?" Unaposema hivyo mkono usielekee huko hata kidogo, hapo ndipo mambo huharibika.

Leseni ikae mfuko wa shati. Wengi huifungia pamoja na silaha kwenye droo ya dashibodi, kisha wakiombwa karatasi mkono unapita juu ya bastola. Hilo ni kujitafutia balaa.

Akitaka kuikagua, ni heri aichukue mwenyewe. Akikuagiza wewe, mtutu uelekee chini, kidole nje ya triga (kifyatulio), toa magazini (kasha la risasi) kwanza ndipo uvute silaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) nyuma, maana magazini ikitoka risasi moja yaweza kubaki chemba, yaani mahali inapokaa tayari kufyatuliwa. Atalinganisha namba ya silaha na ya leseni. Zikipishana usibishane barabarani. Maelezo utayatoa kituoni. Bastola ikichukuliwa, omba hati ya ukamataji (karatasi ya kuthibitisha imechukuliwa) yenye namba ya silaha, idadi ya risasi, jina na saini ya askari. Na ukijua utapitia bia Kirumba, bastola ibaki nyumbani kwenye sefu.