Ukiomba Maoni Juu ya Upigaji Wako wa Piano, Uliza Swali Dogo

Juma lililopita niliandikiwa na msichana wa Wete, Pemba, ambaye amejifunza piano kwa kinanda cha umeme kilichopo nyumbani kwao na kwa video za mtandaoni. Alinitumia rekodi ya preludi, yaani kipande kifupi cha piano, ya mtunzi Chopin ya E maina (E minor), ambayo ni ya nne katika zile 24 za mkusanyiko wake uitwao Opus 28, uliochapishwa mwaka 1839, akaniambia: "Dada, naomba maoni yako ya kweli, maana hapa nyumbani kila mtu ananiambia mashallah." Aliongeza kwamba aliipeleka pia katika kundi la WhatsApp la ukoo wao, akarudishiwa nyoyo na maua, isipokuwa ami yake mmoja ambaye aliuliza kama kuna msiba.

Nilicheka, kisha nikamjibu kwamba katika ukoo mzima ni ami yake peke yake aliyempa maoni. Preludi hiyo ilipigwa kwa kinanda cha kanisa katika mazishi ya Chopin mwenyewe, kwenye kanisa la Madeleine mjini Paris, Oktoba 1849, kwa hivyo sikio la ami halikwenda mbali. Yeye alisema alichokisikia. Wengine walisema namna wanavyompenda, jambo ambalo ni jema na kila mpigaji analihitaji, lakini halimwambii kama kidole chake kimechelewa au kama pedali imeachwa ikakokota sauti ya jana mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na piano kwangu ni mapenzi ya jioni tu, baada ya kusahihisha madaftari. Preludi hii hii ndiyo niliyoichagua nilipokubali kwa mara ya kwanza kupiga mbele ya watu, katika jioni ndogo ya muziki Mji Mkongwe. Wasioijua wataona ni nyepesi, kwa sababu haifiki hata baa 30 (baa ni vile vipande sawa vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari katika karatasi ya nota) na haina mbio. Mkono wa kushoto unarudia sauti tatu zinazopigwa pamoja, mara nane katika kila baa, na sauti hizo zinateremka kidogo kidogo, aghalabu moja kwa wakati. Mkono wa kulia, kwa baa tatu za mwanzo, hauna kazi zaidi ya kushika sauti ndefu iitwayo Si na kugusa ile iitwayo Do, kisha kurudi palepale. Mtu mwenye vidole vya kawaida anaweza kuisoma yote kwa siku chache. Kuifanya iimbe ni habari nyingine kabisa.

Nilipiga bila ya kukosea nota hata moja, na watu wakapiga makofi. Kisha nikafanya kama wanavyofanya wengi wetu: nikasimama karibu na mlango, nikawauliza waliokuwa wakitoka, "Vipi, mmeionaje?" Mwalimu mmoja wa piano, mgeni kutoka Ulaya, alitabasamu akaniambia kwamba inafurahisha kuona watu wa visiwani wakijaribu Chopin. Hakusema neno juu ya baa yoyote. Nyuma yake alikuja mtu wetu wa hapa hapa, mwenye heshima zake, akaniuliza kwa nini ninajitesa na muziki wa Kizungu ilhali tuna taarab yetu. Naye pia hakusema neno juu ya baa yoyote.

Maneno hayo mawili nimekaa nayo muda mrefu, na sitajifanya kwamba yamenitoka. Mmoja alinisifu na mwingine alinilaumu, lakini wote wawili walikuwa wakiutazama uso wangu na buibui langu, si vidole vyangu. (Huyu wa pili, kwa heshima zote, angekumbuka kwamba hata taarab anayoitetea inakaa juu ya kanuni (ala ya nyuzi nyingi zinazodonolewa) na udi wa Waarabu, fidla na akodiani za Wazungu, na kwamba kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, tangu mwaka 1905, hawakuona haya ya kujifunza kilichotoka mbali.) Tangu hapo nimekuwa na mizani yangu: maoni yanayomhusu mpigaji nayapokea kwa adabu na kuyaweka kando, na maoni yanayohusu sauti nayapokea hata yakitoka kwa adui.

Aliyenisaidia hasa alikuwa mzee mmoja mpiga kanuni, ambaye hajawahi kukaa mbele ya piano na ambaye, kusema kweli, haipendi sana, kwa kuwa vitufe vyake havina zile robo za sauti zinazohitajika katika rasti na bayati, ambazo ni ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa siku ile na aliondoka bila ya kusema kitu. Nilimfuata kesho yake barazani kwake, nikamwamkia, na kwa kuwa sikuthubutu kumuuliza jambo kubwa, nilimuuliza dogo: "Maalim, ile sauti ndefu ya mwanzo, ulikuwa ukiisikia mpaka mwisho wake?"

Akanijibu papo hapo kwamba hakuisikia. Akasema mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukibisha hodi kwa nguvu wakati mwenye nyumba anajaribu kuzungumza. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulikuta katika video yoyote. Mpiga nai, yaani filimbi ya mwanzi, anaweza kuiongeza sauti baada ya kuianza, maana pumzi bado anayo, na mpiga fidla naye bado ana upinde mkononi. Lakini uzi wa kanuni ukishadonolewa, na uzi wa piano ukishagongwa na nyundo yake, sauti inaanza kufa tangu pale inapozaliwa. Mpiga kanuni anaweza kuudonoa uzi tena na tena ili sauti isizimike. Katika preludi hii mpiga piano hana ruhusa hiyo. Anachoweza ni kuipa sauti ndefu uzito wa kutosha tangu mwanzo, na kuhakikisha kwamba kila kinachopigwa chini yake ni kidogo kuliko kile kilichobaki cha sauti hiyo, si kuliko kile ilichoanza nacho. Kwa hivyo mkono wa kushoto haupaswi tu kuwa mpole. Unapaswa kuzidi kuwa mpole kadiri ile Si inavyofifia.

Nilirudi nyumbani nikaanza kazi hiyo. Nilipiga mkono wa kulia peke yake na kusikiliza kila sauti mpaka mwisho wake, kwa uzito wa mkono mzima badala ya kidole kimoja. Kisha nilipiga mkono wa kushoto peke yake, vidole vikiwa haviachani na vitufe, nikikibonyeza kitufe tena kabla hakijapanda juu kabisa. Msimu wa kaskazi ulikwisha nikiwa katika shughuli hiyo. Nilipopiga tena mahali pale pale, mzee alikuja, na baadaye akaniambia maneno mawili tu: "Sasa nimesikia." Sijapata sifa inayoipita hiyo, na nakiri kwamba moyoni nilitamani yule mgeni naye angekuwepo.

Ndiyo maana nakuambieni nyote mnaotaka kupiga vizuri kuliko mnavyopiga leo: acheni kuuliza "mmeionaje". Swali kubwa humpa msikilizaji njia ya kukimbilia adabu, nasi watu wa visiwani adabu tunayo ya kutosha kuwagawia wengine. Uliza kama mahadhi yalisikika juu ya mkono wa kushoto. Uliza kama katika baa ya 16 na ya 17, pale Chopin alipotaka mwendo ukazwe na sauti ipande, msikilizaji aliona kilele au aliona fujo. Uliza kama ule ukimya kabla ya sauti tatu za mwisho ulikuwa mrefu vya kutosha. Swali la namna hiyo linaweza kujibiwa hata na mtu asiyesoma nota, na jibu lake unaweza kwenda nalo kwenye piano usiku huo huo.

Rekodi nayo ina mambo yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umetengenezwa kwa ajili ya maneno ya kinywa, hivyo sauti za chini na mikia ya sauti ndefu huchakaa ndani yake; afadhali urekodi kwa programu ya kawaida ya simu na kuituma rekodi kama faili. Usiiweke simu juu ya piano yenyewe, maana itasikia nyundo na mbao zaidi ya muziki, na simu nyingi huvuta juu kile ulichokipiga kwa upole, mpaka msikilizaji akadhani huna upole. Ikiwa piano yako ni ya mbao na ni wakati wa masika, mwambie mapema kwamba unyevu umezitoa nyuzi katika sauti zake, ili asikupotezee muda kwa kukukosoa jambo ambalo dawa yake iko kwa fundi.

Mtapata pia maoni yanayogongana. Mmoja atasema mwendo wako ni wa kulala, mwingine atasema una haraka. Hapo nawasihi msitafute mtu wa tatu wa kuamua, bali fungueni karatasi ya nota. Chopin ameandika Largo, yaani polepole sana, na wanafunzi wake walisimulia kwamba aliutaka mkono wa kushoto ushike mwendo kama kiongozi wa bendi huku wa kulia ukiwa na uhuru wake. Mara nyingi hutokea kwamba wote wawili wamesikia kasoro ileile, yaani mkono wa kushoto unaoyumba, kila mmoja akaipa jina lake.

Na msiulize wakati wowote mnaotaka. Wiki ya onyesho simuulizi mtu, kwa sababu jibu lolote litakalokuja halitapata nafasi ya kuingia vidoleni na litabaki kichwani likinisumbua. Baada ya onyesho pia sisimami tena mlangoni. Naenda nyumbani, nalala, na kesho yake namfuata mtu mmoja niliyemchagua, nikiwa na karatasi ya nota na penseli, nikimwonesha baa ninayotaka kuulizia.