Zipu ikiachana, usikimbilie mkasi

Tuseme Gideon Sundback, mbuni wa zipu ya kisasa, amefufuka leo, amekaa kwenye benchi la fundi cherehani. "Shikamoo mzee. Zipu ya suruali imekufa, nibandue niweke mpya?" Kabla hajaitikia marahaba, atakuwa ameshaishika suruali, anachungulia kichwa cha zipu, kile kidude kinachopanda na kushuka.

Ana haki ya kuchungulia. Msweden huyu alihamia Marekani mwaka 1905, akaajiriwa Hoboken, mji wa huko huko Marekani, na kampuni iliyokuwa ikihangaika na kifungio cha Whitcomb Judson cha 1893, cha kulabu na vitanzi, kilichokuwa na tabia ya kufunguka chenyewe. Mwaka 1913 Sundback akaachana na kulabu, akaja na meno: kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, la huku linakalia la kule, kama 10 kwa inchi. Hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, akaipata 1917. Neno "zipu" wala si lake, lilitoka kwa kampuni ya viatu vya mpira mwaka 1923.

"Meno yapo yote?" angeuliza. Yapo. "Yamenyooka?" Yamenyooka. "Basi meno yana kosa gani?"

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Meno hayajibani yenyewe, yanabanwa na kichwa. Kichwa kina midomo miwili juu na mmoja chini, na kuta za pembeni ndizo zinazosukuma meno yakutane. Kuta zikitanuka, hata kwa kiasi usichokiona kwa macho, meno yanapita bila kushikana na zipu inaachana nyuma ya kichwa.

Shusha kichwa mpaka chini kabisa. Chukua koleo ndogo, bana ukingo wa kushoto kwenye ule mdomo mmoja wa chini, kisha wa kulia. Kidogo tu! Pandisha, jaribu, bana tena. Ukibana kwa pupa kichwa kitagoma kutembea, au kitapasuka, kwa sababu vingi ni vya madini yasiyopenda kukunjwa. Usibane katikati.

Kikigoma kabisa, badilisha kichwa peke yake. Soma namba mgongoni (3, 5, 8...) na ununue cha namba hiyo hiyo, ila cha meno ya chuma hakikai kwenye zipu ya nailoni hata namba zikilingana. Ng'oa kizuizi cha juu, ingiza pande zote mbili kwa usawa, halafu shona nyuzi tano sita pale juu ziwe kizuizi kipya. Upande mmoja ukitangulia hata jino moja, suruali itafungwa kombo.

Jino likitoka karibu na chini, shona kizuizi juu yake na zipu itaishi, fupi kidogo. Likitoka katikati, hapo sawa, weka zipu mpya.

Zipu nzito ipake mshumaa au risasi ya penseli. Mafuta ya kupikia hapana, yanakamata vumbi na kuchafua kitambaa.

Na ile inayoteremka yenyewe ukiwa kwenye daladala? Angalia kimkia cha kuvutia. Vichwa vingi vya suruali vina kipini kidogo kinachoingia kati ya meno kimkia kikilala chini. Ukikiacha kimesimama, kipini hakishiki kitu.