Maswali ya chumbani baada ya saratani ya matiti

Nina miaka 52. Dripu za dawa za saratani nilimaliza mwaka jana, sasa nameza letrozole. Tendo la ndoa limegeuka mateso, ni kama nakwaruzwa. Mume wangu anadai simpendi tena. – Mama, Tanga

Mpe mzee asome hapa mwenyewe. Letrozole hushusha estrojeni, homoni ya kike, karibu yote iliyobaki mwilini, na estrojeni ndiyo inayoupa uke unyevu na uwezo wa kutanuka. Ikishuka, ngozi ya ndani huwa nyembamba na kavu. Hata anayempenda mumewe kufa kupona ataumia.

Unahitaji vitu viwili. Kimoja ni kilainishi cha wakati wa tendo, cha maji au silikoni. Cha pili ni jeli ya kutunza unyevu wa uke, inayotumika mara mbili tatu kwa wiki hata kama hamkutani. Wengi hununua cha kwanza tu, kisha wanasema dawa hazifanyi kazi. Mafuta ya nazi huwasaidia baadhi, ila huharibu kondomu za mpira. Krimu ya estrojeni usijinunulie: kwa anayemeza letrozole, huo ni uamuzi wa daktari wako wa saratani. Na shoga akikuletea shabu au dawa ya kubana, mshukuru, kisha itupe. Wewe tayari umekauka!

Mke wangu alikatwa titi la kushoto. Analala na sidiria, taa lazima izimwe, nikimgusa kifuani anaruka. Nimemwambia mimi sijali. – Mume, Mombasa

Hilo la “sijali” liache. Yeye anajali, titi lilikuwa lake. Muulize kwanza kama anaruka kwa aibu au kwa maumivu, maana upasuaji hukata neva. Wapo wanaobaki na ganzi, wapo wanaohisi kuchomwachomwa kwa miaka. Sidiria mwache nayo. Mkande mgongo na miguu, mlale mmekumbatiana usiku ambao mmekubaliana kwamba hakuna tendo, naye akuonyeshe ni wapi anapenda kuguswa siku hizi. Kama mkono wa upande ule umevimba, msiulalie. Alale ubavu au awe juu.

Je, naweza kumwambukiza mume wangu saratani?

Hapana, wala tendo haliirudishi. Ila siku chache baada ya kila dripu tumieni kondomu, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka na majimaji ya mwili. Siku ngapi, muulize nesi anayekuwekea dripu.

Nina miaka 34, natumia tamoxifen, kidonge cha kuizuia estrojeni isilishe saratani, hedhi imekatika. Bado nipange uzazi? Natamani mtoto mwingine.

Panga. Hedhi inaweza kukatika na yai likatoka vilevile, na tamoxifen inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge, sindano na vijiti vina homoni, viepuke; tumia kondomu au kitanzi cha shaba.

Mtoto si ndoto. Utafiti wa POSITIVE, uliotoka 2023, ulifuata wanawake wenye saratani ya matiti waliokwisha kutumia dawa za kuzuia homoni, kama tamoxifen, miezi 18 hadi 30, wakazisimamisha kwa muda usiozidi miaka 2 ili wazae. Katika kipindi kifupi walichofuatiliwa, ugonjwa haukurudi zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wasiosimamisha. Lakini usiache tamoxifen kimyakimya. Nenda kliniki na useme waziwazi, “Nataka kuzaa,” mpangiwe lini pa kusimama na miezi mingapi ya kusubiri kabla ya kushika mimba.