Je, ECG nzuri inatosha kumthibitisha rubani?

Ndugu uliyeuliza iwapo rubani mwenye majibu mazuri ya ECG kila mwaka anaweza kuhesabiwa kuwa na moyo salama, jibu langu ni hapana. Kipimo hicho, ambacho Marekani hukidai kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza rubani apitapo miaka 35 na kisha kila mwaka baada ya miaka 40, hurekodi umeme wa moyo mtu akiwa amepumzika, na mshipa unaweza kuwa umeziba nusu bila mchoro kuonyesha dosari yoyote. Ndege ya Trident ilipoanguka Staines, Uingereza, tarehe 18 Juni 1972 na kuua watu wote 118, uchunguzi wa maiti ulikuta mishipa ya moyo ya rubani mkuu ina ugonjwa mkubwa, ilhali alikuwa na kibali halali cha kurusha ndege. Jambo hilo huniuma hadi leo. Ndiyo maana daktari makini huanza na shinikizo la damu, kolesteroli, kisukari, sigara na historia ya familia, kisha wenye hatari kubwa huwapeleka kwenye kipimo cha mazoezi au picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa ya moyo, kwa kuwa kuwapima hivyo marubani wote huleta majibu ya uongo yanayowasimamisha kazi wengine wasio na ugonjwa.