Shangazi wa "mwezi wa buluu"

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi ya Kiingereza. Kijana anasema shangazi yake huwatembelea "once in a blue moon". Nimeandika: "Shangazi huja mara moja katika mwezi wa buluu." Mhariri ameikataa. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako ana haki. Msemo huo maana yake ni kwa nadra sana. Siku hizi Waingereza huita hivyo mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, jambo linalotokea takriban kila baada ya miaka miwili na nusu. Agosti 2023 ulionekana hapa kwetu tarehe 1, kisha tena tarehe 31. Rangi yake wala haikubadilika.

Sasa isome sentensi yako kwa sikio la mtu asiyejua Kiingereza. Wenzetu wana neno la mwezi wa angani na jingine la mwezi wa siku thelathini. Sisi yote mawili ni mwezi. Msomaji akifika "mara moja katika mwezi" ameshahesabu: Januari mara moja, Februari mara moja. Shangazi anakuja mara 12 kwa mwaka! Hiyo buluu inafuata baadaye, naye hajui aiweke wapi. Hadithi inasema shangazi haonekani, wewe umemfanya mgeni wa kila mwezi.

Lililo jepesi kabisa ni hili: "Ni nadra shangazi kuja kwetu." Ukitaka kupunguza makali, sema "huja mara moja moja". Usiidondoshe hiyo "moja" ya pili, maana "mara moja" peke yake pia ni upesi: ndivyo tunavyomwita mtoto, "Njoo mara moja!" Na tafadhali usikimbilie "aghalabu". Nakutana na neno hili kila wiki katika insha likitumiwa kwa maana ya nadra, na linaniuma, kwa sababu maana yake ni kinyume: mara nyingi. "Aghalabu shangazi huja Ijumaa" ni kusema Ijumaa nyingi utamkuta.

Lakini hii ni hadithi, na tashbihi tunayo: "Shangazi ameadimika kama wali wa daku." Daku huliwa usiku wa Ramadhani, kabla ya alfajiri, miezi 11 mingine huukuti wali huo. Hapa pia kuna mwezi, ila huu watu wa Mombasa na Tanga hutoka nje kuutazama ukiandama. Ningeitumia bila kusita kama kijana wako anaishi pwani. Kama ni kijana wa London asiyejua daku ni nini, usimtie Ramadhani mdomoni. Mwache aseme: "Shangazi haonekani kwetu ila kwa nadra."